Mlinichangia Mimi

Kwetu Ubena, mkoani Njombe, mtu haugui peke yake. Akilazwa, kuna anayelala sakafuni kando ya kitanda chake, kuna anayeleta uji, na kuna anayeshika daftari la mchango. Siku hizi daftari limehamia kwenye simu. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba ya kutumia fedha inawekwa, mweka hazina anateuliwa, na kila jioni orodha inapandishwa ikiwa na majina na viwango. Nimekuwa mweka hazina wa makundi ya namna hiyo kwa miaka mingi, ya harusi, ya misiba na ya wagonjwa, kwa sababu nauza mahindi na maharage Makambako, na watu huamini kwamba anayejua kupima gunia anajua kutunza fedha za wenzake. Kisha likafunguliwa kundi lenye jina langu.

Naandika kuhusu swali ambalo makundi hayo hayana mahali pa kuliweka: je, mgonjwa aliyechangiwa anaweza kusema inatosha kwa sasa?

Saratani yangu ni ya ovari, vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kandokando ya mji wa mimba. Wengi waliokuja kuniona walidhani ni ya shingo ya kizazi, maana hiyo ndiyo inayotangazwa redioni, ndiyo wasichana wetu wanachanjwa kuizuia tangu 2018, na ndiyo inayopimwa kwa siki katika vituo vya afya. Shangazi aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani hukwenda kupima?" Nilikuwa nimepima. Kipimo kile hutazama mlango wa kizazi tu. Ovari ziko ndani zaidi, na hadi leo hakuna kipimo kinachoweza kupitishwa kwa wanawake wote wasio na dalili kikaonekana kuokoa maisha yao. Dalili zenyewe zinafanana na mambo ya kila siku: tumbo kujaa, kushiba kwa matonge mawili, kwenda haja ndogo kila mara. Nilitibiwa vidonda vya tumbo, kisha yutiai, kisha nikaambiwa ni umri. Siku gauni lilipokataa kufunga zipu huku mashavu yakizidi kuingia ndani, mdogo wangu alinishika mkono tukaenda kupiga ultrasaundi. Kutoka hapo njia ikawa ya Dar es Salaam.

Huko nilipasuliwa, kisha nikaanza dripu Ocean Road, taasisi ya saratani iliyo ufukweni katika majengo ya enzi za Wajerumani. Dawa zilikuwa mbili, kaboplatini na paklitakseli, ambazo ndizo wanaanza nazo wanawake wengi wenye ugonjwa huu duniani, kwa kawaida mizunguko 6, kila baada ya wiki 3. Nesi mmoja alitueleza kwamba paklitakseli ilipatikana kwanza katika magome ya mti unaoota magharibi ya Marekani. Nilifurahi kusikia. Mimi nimekulia karibu na miwati ya Kibena, ambako magome huchunwa kwa ajili ya dawa ya kuchakata ngozi za wanyama, kwa hiyo habari ya gome kuwa mali haikunishangaza. Miaka iliyofuata, kila aliponijia mtu na chupa ya mitishamba, nilimjibu kwamba nimeshakunywa gome kwa njia ya mshipa, tena lililopimwa kwa miligramu.

Wakati ule hakuna aliyeuliza kama tuendelee au tusiendelee. Lengo lilikuwa kuufuta ugonjwa. Nywele zilianguka, ulimi ukawa na ladha ya chuma, nikatapika, nikavumilia. Ilikuwa bei kubwa, lakini nilijua nanunua nini.

Zaidi ya mwaka ukapita nikiwa mzima. Kisha kipimo cha damu kiitwacho CA-125 kikaanza kupanda. CA-125 ni protini ambayo saratani hii mara nyingi huimwaga kwenye damu. Ikishuka baada ya tiba kisha ikaanza kupanda tena, kwa kawaida ni dalili kwamba ugonjwa unarudi, na namba huweza kutangulia miezi kadhaa kabla mwenye mwili hajahisi kitu. Nami sikuwa nahisi kitu. Nilikuwa napakia maharage ya wateja wa Dar. Lakini majibu yalipofika kwenye kundi, mchango ulifufuka siku ileile, na mwanangu akaniuliza tunaondoka lini.

Daktari akatuambia tusubiri. Alieleza kwamba kuna utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza, matokeo yake yakachapishwa 2010, uliochunguza jambo hili hasa. Wanawake ambao CA-125 yao ilipanda waligawanywa makundi mawili: wengine walianzishiwa dripu mara moja kwa sababu ya namba, wengine wakangoja hadi dalili zitokee. Waliowahi hawakuishi muda mrefu kuliko waliongoja. Tofauti ni kwamba waliowahi walipewa dawa nyingi zaidi, na siku zao nzuri zikaanza kuharibika mapema. Kwa hiyo tukakubaliana dalili za kuangalia na tarehe ya kurudi, nikarudi sokoni.

Kwenye kundi haikueleweka. "Hela ipo, tunasubiri nini?" aliandika binamu yangu aliyeko Songea. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba fedha za mchango zina haraka yake. Watu wakishatoa, wanataka kusikia zimefanya kazi, na kazi inayoonekana machoni mwa aliye mbali ni dripu kuning'inia. Kungoja hakupigwi picha.

Dalili zilikuja. Tumbo lilianza kujaa maji, nikawa nalala nimekaa. Kwa kuwa ulikuwa umepita muda mrefu zaidi ya miezi 6 tangu dripu ya mwisho, daktari alisema dawa za jamii ya platinamu zina nafasi nzuri ya kufanya kazi tena. Madaktari huutumia mpaka huo wa miezi 6 kupima kama ugonjwa bado unazisikia. Safari hii sikulazimika kushuka Dar. Dawa zilipatikana Mbeya, kilomita 170 hivi kwa barabara ile kuu ya Zambia inayopita mlangoni kwetu. Na zilifanya kazi. Maji yalikauka, nikala, nikasimama dukani kutwa. Mtu akikuambia saratani ikisharudi basi dripu haina maana tena, mlete Makambako nizungumze naye.

Ila bei ilikuwa imepanda. Paklitakseli hushambulia mishipa ya fahamu ya vidole, na ganzi ya safari ya kwanza haikuwa imekwisha nilipoiongezea nyingine. Sisi wa nafaka kazi yetu iko vidoleni: unaingiza mkono guniani, unajua kama maharage yamekauka au yatakuozea njiani. Nikawa naingiza mkono na sipati habari yoyote. Kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa, noti ya elfu kumi na ya elfu mbili zikawa kitu kimoja nisipozitazama. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Njombe inapotua, nyayo zilikuwa kama si zangu. Kuna siku nilifika Mbeya baada ya safari nzima, nikatolewa damu, nikaambiwa chembe nyeupe zimeshuka, rudi wiki ijayo. Mwili ulikuwa unajichukulia mapumziko bila kuomba ruhusa ya kundi.

Ugonjwa uliporudi tena, miezi 6 haikuwa imetimia tangu dripu ya mwisho.

Hospitali moja nilikopigwa picha ya CT ilimwita kaka yangu pembeni ikampa majibu yeye. Ni desturi ya sehemu nyingi: wanadhani wanamhurumia mgonjwa. Kaka alitoka akaniambia bado wanasoma picha, na njia nzima akazungumzia bei ya mbolea. Nilimwacha azungumze. Kesho yake nikamtafuta daktari wangu wa saratani, nikaketi, nikamwambia, "Daktari, mwenye tumbo ni mimi. Niambie mimi."

Aliniambia. Ugonjwa ukirudi ndani ya miezi 6, maana yake umeshazizoea dawa za platinamu. Zipo nyingine zinazotolewa moja moja. Katika wanawake 10, uvimbe hupungua kwa mmoja au wawili. Kwa baadhi husimama tu kwa muda. Kwa kawaida miezi mitatu au minne ikipita, ugonjwa unaanza kusonga tena.

"Na kupona?" nikamuuliza.

"Kupona hapana, mama. Hapa tunatafuta muda, na tunatafuta unafuu."

"Vyote viwili kwa pamoja?"

"Inapowezekana. Mara nyingine kimoja kinamla mwenzake."

Nimeyarudia maneno hayo kwa wagonjwa wengine mara nyingi, kwa sababu ndiyo yaliyonifungua macho. Kwa dripu za kwanza nilinunua tumaini la kupona. Kwa zile za pili nilinunua miezi ya kusimama dukani. Sasa bidhaa imebadilika, na mfanyabiashara hawezi kulipa bei ya jana kwa bidhaa nyingine bila kuuliza.

Miezi mitatu au minne mimi naijua. Ni msimu wa viazi, tangu kufukia mbegu hadi kufukua. Msimu si muda mdogo. Mtu anaweza kufanya mengi ndani yake, na kama dawa ingenipa msimu mzima wa ziada ningeuchukua kwa mikono miwili. Lakini dawa iliyopendekezwa ilikuwa ya kila wiki. Kila wiki maana yake ni siku ya kwenda, siku ya dripu, siku ya kurudi, kisha siku mbili za kulala na ndoo. Wiki ina siku saba. Na huo ni upande wa yule mmoja au wawili waliobahatika. Njombe tunaijua vizuri lumbesa, gunia la viazi linaloshonewa nundu juu hata kupita kipimo cha sheria, mkulima akalipwa bei ya gunia la kawaida. Nundu ile ni jasho lake lililokwenda bure. Nikaanza kujiuliza kama mzunguko ujao ungekuwa tiba au nundu.

Kikao kilikaa Njombe mjini, kwa kaka mkubwa. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya sebule, chai ikizunguka, na wazee wawili wamejitengea ulanzi wao pembeni. Nilikwenda na daftari. Nikasoma mapato, matumizi na salio, kama ninavyosoma kwenye kikoba, kisha nikaeleza alichosema daktari bila kupunguza.

Kaka alijibu kwanza. "Dada, hela si tatizo. Ikipungua nitauza miti." Ile misindano aliipanda kwa ajili ya ada za wajukuu, kila mtu pale alijua. Huku kwetu miti ndiyo benki, na mtu akiitaja kwenye kikao ametaja jambo zito. Binti yangu akasema, "Mama, ukiacha watu watasema tulikutupa." Akalia. Mpwa wangu mwenye imani kali akasema tusiiwekee mpaka kazi ya Mungu. Mwingine akaniuliza kama nimekata tamaa.

Niliwasikiliza wote na nikaona kwamba kila mmoja alikuwa anaitetea dripu kwa sababu yake. Kwa kaka ilikuwa uthibitisho kwamba yeye ni kaka. Kwa binti yangu ilikuwa kinga dhidi ya maneno ya msibani. Kwa waliochanga ilikuwa risiti. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Lakini dripu yenyewe ingeingia kwenye mkono wangu.

Shangazi ndiye aliyevunja. "Tumekunywa chai mpaka birika limekauka," alisema, "na mwenyewe hajaulizwa anataka nini."

Nikasema sikatai tiba. Naomba kupumzika dripu, dawa itoke mwilini nijue uchovu upi ni wa ugonjwa na upi ni wa tiba, na baada ya muda tuliokubaliana na daktari nitarudi tuangalie upya. Kuhusu fedha nikasema: "Mlinichangia mimi. Hamkuichangia dripu. Salio hili bado ni la matibabu yangu." Nikawatajia matumizi: nauli ya kwenda kutolewa maji tumboni yatakapojaa, dawa za maumivu na za kutapika, na ujira wa msichana wa kunisaidia nyumbani ili binti yangu asiache kazi. Wakikubali, yaandikwe kwenye kundi usiku huohuo. Wasipokubali, nawarudishia.

Yaliandikwa. Kaka aliandika wa mwisho: "Sijakubali, ila nimesikia." Nilimheshimu kwa hilo kuliko angejifanya amekubali.

Kupumzika dripu na kuikimbia hospitali ni mambo mawili, na nchi yetu ina sababu ya kuyachanganya. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao wakiamini kikombe kimemaliza kila kitu. Ndugu wanaposikia "nimepumzika tiba", wengine huiona foleni ile. Mapumziko yangu yana tarehe ya kurudi kliniki. Yana karatasi kwenye mlango wa kabati: tumbo likijaa hadi pumzi kukata, nakwenda kutolewa maji; nikitapika mfululizo bila kupata choo wala kutoa hewa, huenda matumbo yameziba, nakwenda siku hiyohiyo; mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda ni damu iliyoganda, nakwenda siku hiyohiyo. Anayekimbia tiba hana karatasi hiyo.

Yana pia watu. Mkoa wetu ulipigwa sana na UKIMWI, na kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, wagonjwa walitunzwa majumbani na wahudumu wa kujitolea waliopita kijiji kwa kijiji. Mazoea yale hayakupotea. Hospitali za KKKT, Ilembula ikiwemo, ziliyaendeleza katika kile kinachoitwa tiba shufaa: kupunguza maumivu na taabu, na kuitunza familia pamoja na mgonjwa. Wengi huisikia mara ya kwanza pale wanapoambiwa hakuna kingine cha kufanya, na ndiyo maana wanaiogopa. Lakini utafiti mmoja wa Boston uliochapishwa 2010, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, ulionyesha kwamba waliopewa tiba shufaa mapema, huku wakiendelea na tiba ya kawaida, waliishi vizuri zaidi na kwa wastani waliishi muda mrefu kuliko wenzao kwa zaidi ya miezi miwili. Mimi ningeiomba tangu Dar.

Woga mkubwa kuliko wote ni wa morfini. Binti yangu alipoiona chupa alidhani tumefika mwisho. Nesi akamweleza kwamba morfini ya maji hupimwa kwa maumivu, haipimwi kwa siku zilizobaki. Unaanza na kiasi kidogo, unaongeza au unapunguza, na kwa kuwa hufunga choo, unapewa na dawa ya kulainisha. Uganda wameijenga huduma hii tangu 1993, pale daktari Anne Merriman alipoanzisha hospisi mjini Kampala, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu hata manesi waliosomea kuandika morfini, ili mgonjwa wa kijijini asisubiri daktari. Kwa usiku ninaolala sasa, naelewa kwa nini walihangaika.

Sitawadanganya kwamba mapumziko yamenitibu. Ugonjwa haujalala. Maji yanarudi, polepole. Lakini ladha ya ugali na maharage imerudi, na nina alasiri nzima za kukaa dukani nikigombana na wachuuzi kuhusu unyevu wa mahindi, ingawa mpwa wangu ndiye anayeingiza mkono guniani. Kwenye kikoba nahesabu noti kwa macho na jirani anahakiki. Hizi ndizo siku ambazo dripu ya kila wiki ingezila kwanza.

Tarehe ya kliniki ikifika, huenda daktari akawa na dawa nyingine ya kujaribu, na huenda nikaikubali. Nikikubali, wasiseme nimebadili msimamo. Msimamo wangu ni maswali matatu ambayo nitayauliza tena: dawa hii inatafuta kupona, muda, au unafuu? Katika wanawake 10 wa hali yangu, wangapi huipata faida hiyo? Na itanichukulia siku zipi za wiki? Mwanamke mwingine mwenye majibu yaleyale anaweza kuchagua dripu, kwa sababu mtoto wake anafunga ndoa mwezi wa nne na mwezi mmoja kwake ni dunia. Atakuwa amechagua vizuri, ilimradi kaambiwa na kachagua mwenyewe.

Kwenu mtakaofungua kundi la mchango wa mgonjwa kesho, nina ombi la mweka hazina. Kabla ya kuweka namba ya kutumia fedha, andikeni sentensi mbili juu kabisa. Ya kwanza: fedha hizi ni za mtu huyu, ziwe za dripu, za nauli, za morfini au za uji. Ya pili: mwenye kauli ya mwisho kuhusu tiba ni mgonjwa, akiwa na akili zake. Ziandikeni mapema, wakati kila mtu bado anaamini atapona, kwa sababu wakati huo hakuna atakayezibishia.